Chupa Haiumwi

6 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Mimi ni mzima, kazi inaendelea, na chumba changu kipya kina dirisha linalofunguka, kitu ambacho kile cha zamani hakikuwa nacho. Natumaini wewe, kaka na wifi mko salama, na kwamba Fundi Viatu bado anakuja barazani kukusomea magazeti ya juzi kama vile ni habari za leo.

Baba, sikuandika ili kuulizia magazeti. Nilipokuja mwisho wa mwaka nilikukuta umevaa shati la kaka, nikadhani umelipenda tu. Siku ya kuondoka, uliponiinulia sanduku, ndipo nilipouona mkanda wako. Fundi ameutoboa matundu mapya, na ncha iliyobaki inaning'inia mpaka kwenye mfuko. Nikakumbuka jinsi ulivyokuwa unakisukumasukuma chakula sahanini ukidhani hatukuoni. Wifi naye amenieleza mengine, kwa aibu, nami sitayaandika hapa. Unayajua.

Nakuomba uende hospitali. Sisemi zahanati ya pale kona ya kupewa vidonge vya kiungulia. Nasema hospitali kubwa, wakakupime tumbo. Najua utakachojibu: kwamba umetibu watu tangu kabla sijazaliwa, na kwamba unakunywa uyoga wako kila asubuhi. Lakini mficha maradhi kifo humuumbua, na wewe ndiye uliyenifundisha msemo huo. Naogopa, Baba. Neno hilo nimeliandika nikalifuta, nikaliandika tena, sasa naliacha hapo.

Binti yako


19 Februari

Mwanangu Maswali,

Marahaba, na nyingine ya akiba. Hapa sote tuko salama, na mimi nikiwemo. Kaka yako amebadilisha bati la jikoni. Sasa mvua ikinyesha hatuongei, tunatazamana tu mpaka iishe. Fundi Viatu anakusalimu. Nilimwambia umemshitaki kwa matundu ya mkanda, akasema yeye hutoboa anapoambiwa atoboe, kesi aipeleke kwa mwenye kiuno.

Ahsante kwa kuandika barua badala ya kupiga simu. Simu ni ya kuulizana bei ya saruji. Mtu anakuuliza jambo zito, hujapata hata kukohoa, tayari umeshajibu, na umejibu ovyo.

Sasa hospitali. Siendi. Usikunje uso, nisikilize kwanza. Kila asubuhi watu wanakaa kwenye lile benchi langu: mama na mtoto wake, dereva na mgongo wake, hata mwalimu mkuu anayepita mlango wa nyuma ili wazazi wasimwone. Wengi wao nawapa uyoga wa mti. Nimepanda juu ya mti mwenyewe, nimeukata uyoga, nimeuanika, nimeuchemsha, nimewatazama usoni nikawaambia, "Kunywa, una nguvu." Halafu siku moja waje wakute benchi tupu, waambiwe mganga amelazwa, tumbo linamsumbua? Fundi ameshaanza kunitania, "Mganga hajigangi." Nacheka naye, lakini lile neno likishaingia halitoki.

Wewe si umesomea mambo ya chupa? Umekaa kwenye hiyo maabara miaka na miaka ukipima majani ya watu baki. Basi tuwekeane sharti. Pima uyoga wangu. Ukikuta ni kuni tu, kwamba maisha yangu yote nimekuwa nikiwachemshia watu kuni, niandikie hivyo, nami nitakwenda hospitali kabla wino haujakauka. Ukikuta una kitu ndani yake, habari ya hospitali iishe, usiniguse nayo tena mpaka nife. Neno ni neno.

Baba yako


3 Machi

Baba,

Shikamoo. Nimepokea barua yako nikaisomea ngazini, kwa sababu sikuweza kusubiri kufika chumbani. Nafurahi kusikia bati limepona.

Nakubali sharti. Na sikufichi kitu: naomba uyoga wako uwe kuni. Sijawahi kuomba kazi yako ishindwe, lakini safari hii naomba kwa moyo wote.

Ila ujue ninachoweza kupima na nisichoweza. Siwezi kupima kama uyoga unatibu tumbo, au mgongo wa dereva. Naweza kupima jambo moja. Ukikata ndizi ukaiacha mezani, inakuwa nyeusi. Ukiacha msumari nje, unashika kutu. Hewa hii hii inayotuweka hai, polepole inatuunguza, na ndani ya miili yetu ni vivyo hivyo. Kuna vichembe ambavyo vimepungukiwa kitu, basi vinapita vikinyang'anya kila vinachokutana nacho, na kilichonyang'anywa nacho kinageuka mnyang'anyi. Baadhi ya mimea ina vitu vinavyojitoa, vinampa mnyang'anyi anachotaka, anatulia. Wasomi wanaviita antioksidanti, neno refu kama treni ya mizigo. Nitapima kama uyoga wako unavyo. Usipokuwa navyo, nitasema ni kuni, na wewe utafungasha.

Profesa ameniruhusu kutumia meza na dawa zilizobaki, wenzangu wakishatoka. Nitumie kipande kikavu kwa basi.

Binti yako


21 Machi

Mwanangu,

Salamu nyingi. Ndani ya boksi hili la viatu kuna uyoga. Usiuchague wala kuuosha, utumie kama ulivyo. Ukiuona umepauka, usishangae, jua la huku mwaka huu halina adabu.

Hali yangu ni nzuri. Natembea mpaka kibandani kwa Fundi na kurudi, nikipumzika kidogo tu kwenye ukuta wa shule. Wifi yako anasema napumzika mno. Wifi yako anapenda kusema.

Baba yako


14 Aprili

Baba yangu,

Shikamoo. Natumaini barua hii imekukuta umekaa. Kama umesimama, kaa. Mimi nimeiandika nimekaa.

Boksi lilifika salama. Nilipolifungua moyo ulinipa matumaini mabaya. Uyoga ninaoukumbuka mimi ulikuwa mzito, mgongo wake unang'aa kama meza iliyopakwa vanishi, na chini mweupe kiasi kwamba ukiukwaruza kwa ukucha alama inabaki. Utotoni nilikuwa nachora nyuso humo ukanifukuza. Huu ulionitumia ulikuwa mwepesi kama kizibo, umepauka, hauna hata harufu. Nikajiambia, Baba amezeeka na uyoga wake umezeeka. Nikausaga, nikauloweka kwenye maji ya moto, nikauchuja. Yakatoka maji yenye rangi hafifu, ambayo ungeyakuta kwenye glasi ungeyamwaga.

Sasa kuna dawa tunayotumia kupimia. Ina rangi ya zambarau nzito, kama wino. Ndani yake kuna wale wanyang'anyi niliokwambia, wengi mno. Wakipewa wanachotaka, zambarau inaondoka, inabaki njano. Ndiyo kazi yake tu. Nilitayarisha vichupa vitatu. Kimoja nikatia maji matupu, cha pili vitamini tunayoijua nguvu yake, cha tatu uyoga wako. Cha vitamini kiligeuka njano papo hapo. Chako kilibaki zambarau.

Nilifurahi, Baba. Nisamehe. Nilisimama pale natabasamu kama mtu aliyeona basi lake linakata kona. Nikaviweka kabatini, maana vinatakiwa vikae gizani nusu saa kabla ya kusomwa, nikaenda kuosha vyombo. Wakati naosha nilikuwa tayari nakupangia nguo za hospitali: lile shuka la buluu, ile sweta yenye vifungo.

Nikafungua kabati. Baba, kilikuwa njano.

Haikuwa njano kali kama ya vitamini. Ilikuwa njano tulivu, ya majani makavu. Pembeni yake kile cha maji kilikuwa bado zambarau vile vile. Hakuna aliyekigusa. Mlango ulikuwa umefungwa, taa imezimwa, na humo gizani, bila mtu kutazama, kitu chako kilikuwa kinatoa na kutoa na kutoa mpaka hapakubaki wa kupewa. Rangi hii nimeiona ikibadilika kila wiki tangu nianze kazi. Kwangu ni kama mpishi kuona maji yanachemka. Lakini jana vinyweleo vilinisimama, nikashika meza. Niliona mikono yako, Baba. Niliona lile sufuria lako jeusi, na watu wote wale kwenye benchi, na mimi mdogo napita katikati yao kwenda shule nikiwaonea haya.

Sikujiamini. Nikarudia, nikarudia tena. Nikamwomba mwenzangu wa meza ya pili abandike namba kwenye vichupa bila kuniambia kipi ni kipi, nikavisoma kwenye mashine. Ikatoka vile vile. Leo asubuhi Profesa alipita na kikombe chake akauliza kulikoni. Nikamwonyesha. Akasema, "Fanya tena, nitazame." Akavuta stuli akakaa kama mwanafunzi, kikombe kikapoa mkononi, na kabati lilipofunguliwa alisema "Loo!" tu. Ni mtu wa maneno mengi, Baba. Leo alikuwa na hilo moja.

Ningeweza kukudanganya. Nilikaa na kalamu muda mrefu. Herufi nne tu, "kuni", na kesho ungekuwa kwenye foleni ya hospitali. Nani angejua? Sikuweza. Huenda kwa sababu hiyo nitakupoteza, na bado sikuweza kukikana nilichokiona.

Kwa hiyo si kuni. Chupa si tumbo, na njano ya kichupani haimaanishi kwamba umepona, hilo nakusihi ulikumbuke. Lakini sharti halikuwa juu ya tumbo, lilikuwa juu ya uyoga, na uyoga umeshinda. Neno ni neno. Sitakusumbua tena.

Mwanao, aliyeshindwa


16 Mei

Baba,

Shikamoo. Mwezi umepita bila barua. Kaka nikimpigia ananiambia, "Mzee yupo, anakaa sana nje." Nikimuuliza nje wapi, anasema nyuma ya nyumba. Sisemi neno lile tulilokubaliana nisilitaje. Nataka tu mwandiko wako, hata mstari mmoja wa kunisema.

Binti yako


27 Mei

Mwanangu mpendwa,

Marahaba. Sote tu wazima wa kutembea. Nisamehe kimya changu. Nilikuwa na jambo la kukwambia na kila nikishika kalamu linanizidi kimo.

Uyoga niliokutumia ni makapi.

Usikasirike kabla sijamaliza. Bibi yako aliyenifundisha kazi hii alinipa mwiko mmoja: uyoga mzima hapewi mtu asiyeumwa. Haukatwi kwa ajili ya kuonyesha, wala kuuza, wala kujaribu. Basi nikajiambia, chupa haiumwi, itapewaje dawa nzima? Nikachukua vipande nilivyokwisha kuvichemshia wagonjwa, tena na tena, mpaka maji yakawa yanatoka meupe. Vile ambavyo huvimwaga shimoni nyuma ya nyumba pamoja na maganda. Nikavianika, nikakufungia. Jua nililolisingizia halina kosa.

Hiyo ni sababu ninayoweza kuisema mbele za watu. Nyingine ni hii: nilitaka kushindwa. Mimi nimeshika matumbo ya watu wengi, mwanangu, na hili langu nimelishika pia. Najua si kiungulia. Nilitaka uniandikie kwamba ni kuni, ili niende hospitali nikiwa nimefungwa na sharti, watu wa benchi waseme, "Ah, mzee kabanwa na binti yake msomi." Nisionekane nimekwenda kwa woga. Na woga ninao. Umeliandika neno hilo kwanza, nami naliandika chini yake.

Kumbe wewe uliomba uyoga uwe kuni, na mimi nikautuma ukiwa kuni. Sote wawili tuliupangia njama. Ukatukatalia sote.

Nilipofika pale ulipoandika "kilikuwa njano", niliweka barua chini nikatoka. Nikaenda nikasimama kwenye shimo. Tangu nianze kazi namwaga pale. Nikachutama nikaokota kipande kimoja, nikakipangusa kwa shati, nikakishika hivi. Kitu nilichokikamua mpaka basi, nikakitupa na maganda ya ndizi, kikaenda kwenye chupa yako kikafanya vile ulivyosema! Nilitamani kupiga magoti, ila magoti yenyewe siku hizi yana masharti. Fundi akanikuta pale akaniuliza nimepoteza nini. Nikamwambia sijapoteza, ndiyo kwanza nimeokota. Akanisindikiza ndani akidhani nina homa.

Nikarudi pale shimoni siku nyingi. Kaka yako kakwambia kweli. Na kila nikikaa pale fikira ilikuwa moja. Mimi nimeuchemsha uyoga huu maisha yangu yote, mikono hii imeujua kuliko inavyojua uso wangu, na sikujua ulichobaki nacho. Sasa ni nani aliyenidanganya kwamba najua kilichomo ndani ya tumbo langu?

Wewe utasema neno ni neno. Lakini mchezo ulikuwa na udanganyifu, na mdanganyifu ni mimi, kwa hiyo hakuna mshindi. Jumatatu naenda hospitali. Benchini nimewaambia waziwazi, nimesimama, wala sikunong'ona. Mwalimu mkuu akashtuka, "Na sisi je?" Nikamwambia, "Wewe twende wote, na hiyo presha yako." Watu wakacheka sana. Jumatatu nadhani atakuja, maana alijibu kwa kukunja miwani.

Baba yako


8 Juni

Baba, Baba, Baba,

Shikamoo mara zote. Barua yako niliisoma nikacheka nikalia, mwenye nyumba akagonga mlango kuniuliza kama kuna msiba au harusi. Nikamwambia vyote, apite ndani. Akanywa chai yangu yote.

Nilimwambia Profesa kwamba tulichopima ni makapi. Alinitazama, akatazama kabati, akavua miwani. Nikamuuliza kama tuombe uyoga mzima tulinganishe. Akaanza kusema ndiyo, kisha akasema, "Mwiko wa mzee tuuheshimu kwanza, tumwombe siku nyingine, akipenda mwenyewe." Hata mimi sitaki sasa hivi. Ukae mtini.

Nimesoma sana juu yake wiki hizi, nikuambie kilichonifanya nisipate usingizi. Sisi tunaona uyoga umekaa kwenye shina tu, kama rafu ukutani. Kumbe hicho ni kidogo tu cha kwake. Mwenyewe yumo ndani ya mti, nyuzi nyembamba kuliko nywele, zimeenea juu na chini. Na kazi yake humo ni kuula mti. Anauunguza, Baba, moto usio na moshi, miaka na miaka, maana mbao ngumu haziliwi kwa njia nyingine. Sasa anayeishi katikati ya moto wake mwenyewe inabidi awe na kinga asiungue. Huenda ndiyo hiyo tuliyoiona ikigeuza rangi. Wagonjwa wako wanakunywa koti la mla moto. Nikiwaza hivyo najisikia mdogo, na furaha inanijaa kwa udogo huo.

Sasa nisikilize kama mganga mwenzio. Acha kuunywa, kuanzia leo. Upo uwezekano unafanya damu ichelewe kuganda, na kama wataamua kukupasua hilo ni jambo la hatari. Mwambie daktari kila kitu: unakunywa kiasi gani, tangu lini. Usimfiche kwa kuogopa kuchekwa. Akikucheka, niandikie jina lake.

Likizo yangu ni Agosti. Nimeomba niipate mapema, wamekataa. Nimeomba tena.

Binti yako


25 Juni

Mwanangu,

Marahaba. Nimeshapimwa. Mwalimu mkuu alikuja kweli, amevaa tai, akapita mlango wa mbele. Presha yake ilimtisha nesi mpaka akaitiwa daktari kabla yangu mimi mgonjwa halisi. Fundi Viatu amecheka njia nzima ya kurudi.

Kwangu walinitia dawa kooni, nikawa sisikii kitu, wakaniingiza kamba nyeusi yenye taa mbele. Daktari ni msichana wa umri wako. Akaniambia kwa adabu, "Mzee, ukitaka unaweza kutazama." Kulikuwa na televisheni ndogo. Nikatazama.

Sijui nikuambieje. Nililiona tumbo langu. Ni la waridi, mwanangu, linang'aa, limekunjwakunjwa kama shuka la hariri, na lilikuwa linatembea lenyewe, polepole, bila kuniuliza. Tangu nizaliwe linafanya kazi humo gizani na mimi nalilaumu tu. Machozi yalinitoka. Nesi akadhani naumia akanishika mkono, nami sikuweza kumwambia, mdomo ulikuwa na kamba. Kisha taa ikakata kona na pale pembeni kulikuwa na kitu kimekaa. Hapo ndipo inapotoka ile damu ambayo wifi yako alikueleza kwa aibu.

Walinyofoa kipande kidogo wakakipima, hakikuwapa jibu la uhakika. Kitatolewa chote, ndipo kitajulikana ni kizuri au kibaya. Nikamweleza daktari habari ya uyoga, yote. Hakucheka. Aliandika, akauliza, akaandika tena. Akasema tusubiri kwanza damu irudi hali yake, akasogeza mbele siku ya kupasuliwa. Akaniuliza uyoga wenyewe unafananaje. Nikamwambia akinipasua vizuri nitamwonyesha unapoota.

Usihangaike na likizo. Mimi siendi popote kabla ya Agosti, ila kwenye meza ya kupasulia.

Baba yako


19 Julai

Mwanangu,

Marahaba, nakuitikia kabla hujanisalimu. Najua kaka yako alikupigia kukwambia nimeamka, na kwamba neno langu la kwanza lilikuwa kuuliza nani kavaa viatu vyangu. Ni kweli, na bado sijajibiwa. Mwandiko huu ukiuona umelala, na mwandishi kalala. Wamenishona kama begi. Fundi Viatu amekuja kuikagua ile mishono akasema uzi ni mzuri, ila yeye angefunga fundo moja zaidi.

Nilimwomba daktari anionyeshe kilichotoka. Alisita, kisha akaleta kopo la kioo. Mwanangu, ni cha kahawia, kigumu, upande mmoja umeviringana na mwingine umekatika bapa, pale kilipokuwa kimeshika. Kilikuwa kimekaa ubavuni mwa tumbo langu kama uyoga kwenye shina. Nimekata uyoga tangu ujana, napanda, natia kisu, nashuka nao nikifurahi, na sikuwahi hata siku moja kuwaza upande wa mti. Sasa nimelala hapa nimekatwa, najua. Inauma, halafu kuna wepesi fulani, na upepo unapita mahali ambapo haukuwa unapita.

Nikamuuliza kinakwenda wapi. Akasema maabara, ghorofa ya chini. Nikamuuliza nani atakipima. Akasema yupo binti mmoja huko, hodari, atakikata vipande vyembamba, atakitia rangi, atakitazama. Jibu ni wiki ijayo.

Tangu hapo namfikiria huyo binti. Simjui, naye hanijui, kwake mimi ni namba iliyobandikwa kwenye kopo. Labda leo amechoka, labda mwenye nyumba kanywa chai yake yote. Labda naye ana baba mahali anayemsumbua. Zamani ningelala hapa nikiomba aone kizuri. Nimejaribu kuomba hivyo na maneno hayakukaa sawa mdomoni. Naomba awe kama wewe. Afungue kabati, aone alichokiona, na kama alitamani kingine, hata akilia, aandike hicho hicho.

Baba yako